Mnunuzi Mpokee kama Mkwe

Dalali wa nyumba ana maadui watatu: mnunuzi asiye na hela, dalali mwenzake, na mwenye nyumba. Wa kwanza utamjua mapema, maana ndiye mwenye maswali mengi kuliko wote. Wa pili anatafuta riziki kama wewe, humlaumu. Wa tatu ndiye wa kuogopa. Mko upande mmoja, nyumba ikiuzwa mnakula wote, na bado anaamka asubuhi na kuiharibu biashara yake kwa mikono yake mwenyewe, tena bure.

Watu hudhani kwamba kazi ngumu ya dalali Dar es Salaam ni kumpata mnunuzi. Mnunuzi anapatikana. Kazi ngumu ni kumshawishi mwenye nyumba afagie.

Mama mmoja wa Tabata aliwahi kuniweka mahali pangu. Nilikuwa nimemwambia kwa adabu zote kwamba ukuta wa sebuleni unahitaji rangi, kwa kuwa wajukuu walikuwa wameuchora magari, mabasi na kitu kimoja nilichodhani ni ng'ombe, kumbe ni baba yao.

"Mwanangu," aliniambia, "nipake rangi ili nani aione? Mimi nahama. Rangi apake atakayekaa."

"Mama, huyo atakayekaa hatakaa kama hajaipenda."

"Akiipenda kweli, ataipenda bila rangi."

Hoja kama hiyo huijibu, unakunywa chai uliyopewa na kuaga. Lakini njiani nilikuwa nikipiga hesabu. Nyumba ile alikuwa akitaka milioni 180. Koki ya bafuni ilikuwa inavuja. Koki mpya inauzwa shilingi elfu chache dukani, na fundi bomba anakaa nyumba ya tatu. Mnunuzi akiisikia ile koki ikidondoka wakati wa mazungumzo, anapunguza milioni tano palepale. Ukimuuliza mbona nyingi hivyo, ana jibu: "Kama koki tu imewashinda, huko ndani ya kuta kukoje?" Na hapo hana kosa. Mnunuzi hawezi kuona nondo zilizozikwa kwenye zege wala nyaya zilizopita juu ya dari. Anaona koki, swichi, kitasa na choo. Kwa hivyo vinne anahukumu vingine vyote.

Mzee mmoja wa Magomeni yeye hakuwa na tatizo la usafi. Nyumba yake ni zile za Kiswahili zenye korido katikati, vyumba huku na huku, na uani mwembe na banda la jiko. Alikuwa akifagia mwenyewe kila alfajiri. Tatizo lilikuwa mdomo. Nilimpelekea vijana wawili, mume na mke, mke akiwa na mimba kubwa. Tulimkuta barazani, msuli kiunoni, singlendi imetoboka tumboni, redio sikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hawa ndio wanunuzi? Karibuni, nitawatembeza mwenyewe."

Nikajua tumekwisha. Akafungua mlango wa kwanza. "Chumba hiki ndicho alichofia baba yangu." Akafungua wa pili. "Hiki, mama." Yule binti akashika tumbo. Mzee akaona amewatisha, akataka kuwatuliza, akafungua wa tatu. "Hiki alifia mpangaji, lakini yule maradhi alikuja nayo kutoka kwao. Si ya hapa."

Walituaga vizuri sana. Watu wasiotaka kurudi huaga vizuri.

Siku nyingine nikamwomba, wageni wakija, aende kwa wenzake akacheze bao mpaka tumalize. Akazima redio. Mzee akizima redio, jiandae.

"Unanifukuza nyumbani kwangu?"

"Mzee wangu, si unaiuza?"

"Bado sijauza."

Nimelifikiria sana jibu lile, na nakiri mzee ana haki yake. Mwenye nyumba ameweka tangazo, ametaja bei, amekabidhi namba ya simu kwa kila dalali wa mjini, lakini moyoni bado hajahama. Kwake mnunuzi ni mtu anayepita tu kuangalia. Ndiyo maana anamwachia kuku sebuleni. Ukimwambia asafishe, anasikia kwamba umemwita mchafu, na umemwitia hapo hapo kwake.

Ndugu wanne wa Mbezi walinionyesha kiwango kingine. Mirathi yao ilikuwa na ugomvi wa miaka, na katika ugomvi huo mmoja alichukua brashi na rangi nyekundu akaandika ukutani, kwa herufi za kusomeka kutoka barabara kuu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mkaaji yeyote wa Dar es Salaam anazijua kuta hizo, zipo kila mtaa, na dawa yake kwa tapeli ni nzuri. Hatimaye ndugu wakapatana, mahakama ikateua msimamizi wa mirathi, wakaniita niuze. Nikawaomba waufute ule ukuta. Wakajadili gharama ya ndoo ya rangi, kila mmoja akasema yeye hakuandika. Mwisho wakaafikiana kukwangua herufi mbili tu.

Nilipofika na mnunuzi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ukuta ulikuwa unasema: NYUMBA HII IUZWI. Mwalimu alisimama barabarani akausoma polepole, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. "Bwana," akaniambia, "hata geti hatujafungua, na tayari kuna kosa."

Hakuingia.

Dawa ya wauzaji niliipata palepale Tabata, kwa yule mama wa rangi. Nyumba yake nilikuwa nimeshaonyesha watu wengi, na kila mara ilikuwa vilevile: nguo zisizokunjwa juu ya kochi, friji bovu lililogeuzwa kabati la viatu, dagaa wanakaangwa, na kuku mmoja mwekundu aliyetulia chini ya meza akitutazama wote kwa dharau. Siku hiyo nilipita bila mnunuzi, kuulizia funguo. Nikapiga hodi, nikaingia, nikadhani nimekosea mlango.

Sakafu ilikuwa imepigwa deki mpaka inaonyesha sura. Vitambaa vya makochi vyeupe, vimenyooshwa. Mapazia mapya. Zile glasi za kwenye kabati ambazo sijawahi kuona mtu akizigusa zilikuwa mezani, zimepangwa. Udi unafuka. Magari na mabasi ya ukutani hayapo, baba yao pia hayupo, ukuta mzima umepakwa rangi ya maziwa. Friji bovu limeondoka. Kuku mwekundu amefungiwa uani, nikamsikia akilalamika.

"Mama, kuna nini leo?"

"Wanakuja watu wa posa ya mwanangu," akajibu huku akinisukuma nje kwa fagio. "Toka, usinikanyagie."

Nikasimama kibarazani nikistaajabu. Watu wa posa wanakuja na barua na noti kidogo ndani ya bahasha, wamepigiwa deki na kufukiziwa udi. Mtu anayekuja na milioni 180 alipewa kuku.

Tangu hapo sihubiri tena usafi. Simwambii mtu apake rangi, aondoe makorokoro wala afungue madirisha hewa iingie. Namwambia neno moja: "Jumamosi, saa nne asubuhi, chukulia kwamba wakwe wanakuja." Basi. Hakuna anayeniuliza maana yake. Mwenyewe anajua kwamba mkwe hapokelewi kwa singlendi, na mkwe haambiwi nani alifia chumba gani. Anajua mkwe lazima ataomba kwenda chooni, kwa hiyo choo ndicho cha kwanza kusafishwa. Anajua pia kwamba mbele ya mkwe familia haigombani kuhusu hela.

Sisemi kwamba dawa haina madhara. Familia moja ya Kimara iliichukua kama ilivyo. Wakapika pilau, wakaalika mashangazi. Gari la mnunuzi lilipoegeshwa, shangazi mmoja ambaye hakuelezwa vizuri akapiga vigelegele, majirani wakatoka, na mnunuzi akashuka garini mtaa mzima ukimtazama na kuulizana harusi ni lini. Wakamlisha mpaka akashindwa kuinuka. Nikajisemea, huyu leo atalipa bei yote. Kumbe shibe ilikuwa imewashika wenyeji. Baba mwenye nyumba akanawa mikono, akasema, "Tumeshakula pamoja, sasa ni ndugu. Nakupunguzia milioni kumi." Mnunuzi hata hakuwa ameomba. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Kuna wanaovuka mpaka kwa upande mwingine, wakadhani kuandaa nyumba ni kuficha. Jirani na bonde la Msimbazi kulikuwa na nyumba iliyopakwa rangi mpya, na mwenyewe alikuwa akiapa kwamba masika ije Machi au iishe Mei, maji hayafiki pale. Mnunuzi alikuja na fundi wake, mtu mfupi asiyesema, anayegonga kuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Fundi akaomba kabati la vyombo lisogezwe. Mwenye nyumba akasema kabati zito. Fundi akasema ana nguvu. Likasogezwa. Kumbe hata kwenye rangi mwenye nyumba alibana matumizi: alimwambia mpaka rangi asisumbuke kuhamisha kabati, apake pembeni tu. Nyuma yake ukuta wa zamani ulikuwa umebaki kama ulivyokuwa, na juu ya magoti kidogo kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka vizuri, ulioachwa na maji.

Ufa ulioutaja mwenyewe una bei, mtaelewana. Ufa uliogunduliwa na fundi hauna bei, kwa sababu mnunuzi anaanza kujiuliza kabati la chumbani nalo limeficha nini. Rangi ni ya kuta zenye afya. Ukuta unaoumwa unatibiwa, au unasemwa.

Wapangaji nao usiwasahau. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita na akasikia kwa jirani kwamba nyumba inauzwa, huyo ndiye atakayemkaribisha mnunuzi uani kwa tabasamu na kumwambia, "Nyumba nzuri, kaka, ila usiku usitoke." Mwambie mapema, mpangiane muda wake au umrudishie hela yake iliyobaki, atakusaidia hata kufagia. Na umeme ununue kabla. Nimewahi kuonyesha nyumba ambayo LUKU ilikuwa inalia tangu tunaingia, ikakata tukiwa koridoni. Mwenyewe akaanza kutueleza gizani kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU humohumo, kwa hiyo yeye hadaiwi na mtu. Ilikuwa habari njema kwa mnunuzi, lakini nadhani angependa kuisikia akiwa anauona mlango.

Zaidi ya yote, panga karatasi. Nyumba inaweza kung'aa kuliko ya waziri, lakini kama hati iko kwa mjomba Morogoro na risiti za kodi ya ardhi zimeliwa na panya, umepiga deki bure. Nilikuwa na bwana mmoja ambaye aliandaa kila kitu: bili ya maji imelipwa, hati ndani ya faili la bluu, maua getini. Mnunuzi akaja na wakili. Mke wa mwenye nyumba akatuletea juisi kimya kimya, akarudi jikoni. Wakili akapekua faili, akaridhika, akauliza jambo moja tu: ridhaa ya mke iko wapi? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali. Bwana akacheka, akasema hilo dogo, na kumwita mkewe.

Sauti ikatoka jikoni: "Kwani nani kasema nyumba inauzwa?"

Tulimaliza juisi zetu.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuuza nyumba, anza na huyo unayelala naye. Mkishakubaliana, weka karatasi zote kwenye faili moja, kisha mwite fundi bomba. Rangi ifuate, na friji bovu likauzwe kwa wa vyuma chakavu. Bei usiishushe kabla hujaombwa, hata kama mmekula pilau. Na Jumamosi, saa nne asubuhi, kuku wafungie uani.