Kumsifu Bwana Memori-Haitoshi

Lucian wa Samosata, huko karne ya 2, alikaa kitako akaandika sifa za nzi, na hakuna aliyemfunga. Sisi wa Kindu, hapa Kongo, nzi tunao, ila kwa kuwa wao wameshapata wakili, mimi nitamtetea mwingine asiye na mtu. Namsema yule anayetokea usiku, jenereta ikinguruma uani, video ya harusi imefika asilimia 97, naye anafungua kidirisha chake cha kijivu katikati ya kioo na kutangaza kwamba memori haitoshi. Chini ya tangazo ana kitufe kimoja tu, cha Sawa. Askari wa kizuizini barabarani angalau humpa msafiri njia mbili, kutoa au kurudi alikotoka. Huyu hana biashara hiyo. Unasoma, unabonyeza Sawa, programu inajifunga, lala salama.

Vijana wanaohariri video pale mitaa ya Kasuku na Mikelenge wamemtukana vya kutosha. Wamemwita mchawi, wamemwita virusi, mmoja alimwita mkwe. Naona wamemvunjia heshima bure, na ushahidi ninao.

Tuanze na nasaba, kama inavyompasa mheshimiwa. Mwaka 1985 kampuni ya Intel ilitoa chipu ya 80386, inayoandika anwani za memori kwa biti 32. Biti 32 zinahesabu mpaka 4,294,967,296 na hapo zinakoma, na hizo ndizo gigabaiti 4. Mwaka 1993 ikaja Windows NT ikazigawa katikati: 2 za mfumo wenyewe, 2 za programu. Ndiyo sababu programu ya kuhariri ya biti 32 kwa kawaida inaishi ndani ya gigabaiti 2 tu, hata ukiiweka kwenye mashine yenye 16. Na hapa ndipo ninapompendea. Mwenye studio mwenye pesa zake anaagiza RAM mpya kutoka Dubai, anaichomeka, anawasha, anakaa mkao wa mshindi, na kidirisha kinatokea palepale kilipotokea jana. Katika mji ambao kila mlango una mtu anayesubiri matabishi, ile bakshishi yetu, huyu hapokei.

Elimu yake ni hesabu, na anafundisha bila karo. Fremu moja ya video ya HD ni pikseli 1920 kwa 1080, jumla yake 2,073,600, na kila pikseli inakula baiti 4. Kwa hiyo fremu moja ni megabaiti 8 na ushei, na sekunde moja ina fremu 25. Ukizipanga bila kuzibana ndani ya zile gigabaiti 2, zitaenea 259 hivi, yaani sekunde kumi na kidogo. Bibi harusi bado hajashuka garini. Ni kweli programu haizishiki fremu zote kwa pamoja. Inashika inazohitaji na kuachia zilizopita. Lakini weka jina la maharusi linalozunguka, weka maua yanayodondoka juu ya jina, halafu weka mpito wa picha moja kuyeyukia nyingine, na kila tabaka litadai fremu yake kwa wakati uleule. Na kama umechagua rangi za biti 32 badala ya 8, kwa kuwa ulisikia ndizo za watu wa sinema, zidisha yote kwa 4. Enzi za kanda picha ilikuwa 720 kwa 576. HD ni mara 5 ya hiyo, kamili, bila chenji. Watu waliupokea uzuri huo kwa vigelegele, kisha wakamchukia aliyeleta ankara.

Halafu kuna picha za mnato. Rafiki wa bwana harusi ana kamera ya megapikseli 24, na picha zake zote lazima ziwemo, kwa sababu yeye ndiye aliyelipia keki. Kwenye kadi picha moja ni megabaiti 8, unaidharau. Ikifunguliwa ndani ya programu inakuwa 6000 kwa 4000, kila pikseli baiti 4: megabaiti 96, ili ionekane sekunde tatu kwenye video yenye pikseli milioni 2. Weka picha thelathini za namna hiyo mfululizo, uone kama Bwana Memori-Haitoshi atachelewa. Dawa yake ni nyepesi mno hata inatia hasira: zipunguze picha zote kabla ya kuziingiza, upana wa 1920 unatosha, au zaidi kidogo kwa zile utakazozisogeza karibu. Wengi wetu hatukuisoma mahali popote dawa hii. Tulifundishwa na yeye mwenyewe, kwa kukataliwa.

Wako wanaosema ni balaa la kigeni. Hao hawaijui Maniema, mkoa wetu. Kule Kalima kampuni ya Symétain ilichimba bati enzi za Wabelgiji, na wachimbaji wa mikono wanaendelea nayo; bati ndiyo inayolehemu chipu kwenye kibao chake. Koltani ya mashariki ya Kongo inatoa tantali inayoingia kwenye kapasita. Dhahabu tunayo pia, Namoya kule Kabambare, na meno ya RAM yamepakwa dhahabu. Udongo unaondoka hapa kwa kilo, na baada ya miaka unarudi ukiwa kompyuta ya mtumba yenye gigabaiti 4, kwa bei isiyo na aibu. Kwa hiyo anayekukatalia usiku wa manane si mgeni. Huenda ni mtu wa kwenu aliyesoma nje.

Mtazame fundi anapomhudumia. Anazima mashine, anachomoa waya wa umeme, anagusa chuma ili mwili wake uachie umeme, anabana vishikizo viwili na RAM inaruka juu. Anaishika kwa kingo. Anachukua kifutio cha mtoto wa shule, anasugua yale meno ya njano upande huu na upande ule mpaka yang'ae, anafuta unga wa kifutio, anairudisha mpaka vishikizo vyote viwili vilie. Kama kosa lilikuwa linakuja hata bila video, mara kioo cha bluu, mara faili linaharibika lenyewe, ataacha programu ya kupima memori ifanye kazi usiku kucha, na kama RAM ni mbili atazijaribu mojamoja. Ila katika hizi kesi za harusi RAM mara nyingi haina hatia. Haikuvunjika, imejaa. Tunalipa fundi kwa ugonjwa ambao ni shibe.

Cheo chake kikubwa, hata hivyo, ni katika sanaa. Namtangaza hapa kuwa mkata-filamu bora kuliko wote mkoani. Bila yeye harusi za Kindu zingetolewa nzima nzima: viti vinashushwa kwenye gari, mjomba anajaribu maikrofoni, moja mbili, moja mbili, kisha msururu wa watu wanaobandika noti kwenye paji la uso la bibi harusi, kila mmoja akigeuka kuhakikisha kamera imemwona. Hakuna binadamu anayethubutu kukata msururu ule. Mhariri akimkata baba mkubwa, ni vita vya ukoo. Memori ikimkata, ni teknolojia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la studio moja, nasubiri picha za paspoti, mama mmoja alipoingia na pagne yake ya sherehe.

"Papa, filme yetu iko tayari?"

"Bado, mama. Mashini inakatala."

"Inakatala nini?"

"Inasema mambo ni mingi, memori ni kidogo."

Mama akafikiri kidogo. "Basi toa mambo ya upande wa mwanaume."

Mhariri alikohoa akageukia kibodi. Miaka mingapi ya shule ya sinema ingemfikisha mtu kwenye uamuzi mkali wa namna ile?

Yeye mwenyewe, ukimsikiliza vizuri, anakuonyesha pa kupunguza. Funga kivinjari chenye kurasa ishirini ulizosahau, kila moja inakaa kwenye RAM kama imelipa kodi. Ingia kwenye mipangilio ya programu utazame memori iliyotengwa kwa ajili ya kuonja picha kabla ya kurenda, yaani kabla ya kutoa filamu iliyokamilika. Kila megabaiti iliyofungiwa pale imenyimwa kazi yenyewe, ishushe. Tazama pia nyuzi za kurenda. Nyuzi 8 zinashika fremu zao kila moja, nyuzi 2 zinakwenda polepole lakini zinafika. Angalia diski, maana Windows inapoishiwa na RAM huazima nafasi ya diski ikaitumia kama memori, na diski iliyojaa harusi za mwaka jana haina cha kuazimisha. Mashine dhaifu ipe nakala ndogo za video uharirie hizo, kisha urudishie zile kubwa wakati wa kurenda. Hapo kazi ya kuhariri inakuwa nyepesi, ingawa kurenda kwenyewe hakupungui mzigo. Wanaochanganya mambo haya mawili ndio wanaomtukana kwa sauti kubwa zaidi.

Dawa yake iliyo bora ni ya hapahapa Kindu, na nashangaa vijana wetu wanaitafuta mbali. Kati ya Kongolo na Kindu, mto Lualaba una maporomoko na miamba. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko ya Boyoma. Kampuni ya reli ya CFL, mwanzoni mwa karne ya 20, haikubishana na maji. Ilijenga reli ya kilomita 355 kutoka Kindu mpaka Kongolo. Mzigo ukitoka kusini ulishushwa hapa bandarini, ukapakiwa kwenye meli mpaka Ubundu, ukashushwa tena, ukapanda reli nyingine ya kilomita 125 mpaka Kisangani. Mji huu ulikua kwa kazi hiyo ya kushusha na kupakia. Treni siku hizi ina kalenda yake yenyewe, lakini akili ile bado inafaa, na harusi isafirishwe vivyo hivyo. Renda ya kanisani peke yake, au ya msikitini, iwe faili. Funga programu, ifungue upya, ili iachie memori yote iliyokuwa imeitawanya. Renda chakula. Funga, fungua. Renda ngoma. Vipande hivyo vihifadhi katika muundo usiobanwa sana ili picha isichoke kwa kurendwa mara mbili, kisha fungua mradi mpya mtupu, panga vipande vitatu tu, bila maua wala mapambo kwa kuwa yameshaiva ndani, utoe filamu yako. Atakaa kimya. Nimemwona akikaa kimya kwa harusi ya saa tatu.

Mlinganishe sasa na jirani yake, kukatika kwa kuranti. Kuranti inaondoka bila neno: kioo cheusi, feni inapunguza mlio, na hujui kama ni dakika tano au ni mpaka Jumanne. Wakati mwingine inaondoka na mradi wako. Bwana Memori-Haitoshi huacha barua, anataja sababu, na mara nyingi huacha mradi mzima kama ulivyouhifadhi. Anakosea? Ndiyo, mara chache. Yuko pia binamu yake anayejificha kwenye flashi zenye mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili linalofika gigabaiti 4. Filamu inarendwa vizuri kuelekea kwenye flashi, inagonga dari hilo, inakufa, na vijana wanakimbilia kulaumu RAM. Tuhuma hizo zifutwe. Flashi ipangwe upya kwa exFAT, na kilichomo kihamishwe kwanza, tafadhali.

Wengi walitangaza msiba wake mwaka 2010, Premiere Pro CS5 ilipotoka ikidai mifumo ya biti 64 peke yake. Biti 64 zinahesabu mbali kuliko RAM yoyote utakayoipata sokoni, basi wakasema kwaheri. Mzee alihama tu chumba. Programu za kisasa zimepeleka kazi nyingi kwenye kadi ya picha, na kadi ina memori yake, ndogo, usiyoweza kuiongeza kwa kuchomeka kipande kingine. Siku hizi anatangaza kutokea huko, kidirisha kimepata rangi nzuri zaidi, kitufe bado ni kimoja.

Wala ukoo wake hautakosa kazi. Fremu ya 4K ni 3840 kwa 2160, mara 4 ya HD, megabaiti 33 kila moja kabla hujaweka hata ua moja. Jumamosi ijayo kuna harusi ng'ambo, Alunguli. Ndugu watano wa bwana harusi wamenunua simu zinazopiga 4K, wameapa kupiga kila kitu tangu mtumbwi unapoondoka upande huu, na wanataka sura zote tano zionekane kwenye kioo kwa wakati mmoja.