Panapovuja Sipo Panapodondoka

Mpangaji akivujiwa humpigia simu mwenye nyumba. Raha hiyo niliiaga siku niliyohamia kwangu, huku Kinyerezi, kwenye nyumba ambayo upande wa mbele ina rangi na upande wa nyuma ina matumaini. Sasa nikitaka kumpigia mwenye nyumba, simu inaita mfukoni mwangu, na nikipokea nakuta hana hela.

Nyumba ina kalenda yake, na haifanani na ile inayoning'inia ukutani. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, Dar es Salaam halaliki, na pangaboi zote zinazunguka mpaka alfajiri. Masika yanashika kuanzia Machi hadi Mei, na bati linaanza kutoa siri. Juni na Julai kusi inavuma, watoto wanadai maji ya moto ya kuoga na wanavaa masweta kwenye nyuzi 20, jambo ambalo shemeji yangu wa Njombe hulitazama kwa huruma. Vuli ikija Oktoba ni mtihani wa majaribio tu: inakuonyesha nini kitakufika masika.

Kazi ya masika hufanywa Februari. Hilo kila mtu analijua na hakuna anayelifanya. Februari jua linawaka, bati halivuji, na mfuko bado unauguza ada za Januari. Mtu mwenye akili timamu atapandaje paani kuziba tundu asiloliona? Ikifika Aprili tundu linaonekana vizuri sana, ila bati limeloa na linateleza, na fundi hapokei simu kwa sababu yuko juu ya mapaa ya waliomwahi. Kwa hiyo tunaishi na ndoo. Ya kwetu inakaa sebuleni, katikati ya kochi na televisheni, na wageni wa kudumu hawaiulizii tena. Wanaizunguka na kukaa. Juu yake, kwenye jipsamu, kuna doa la umbo la Ziwa Tanganyika, ambalo kila masika linajiongezea ghuba.

Nitoe elimu kidogo ya bati, kwa manufaa ya wanaojenga. La kwangu ni msauzi, geji 30. Muuzaji alivyolitaja kwa sauti nzito nilidhani nimepandishwa cheo. Kumbe kwenye geji namba ikipanda unene unashuka: 28 ni nene kuliko 30, na 32 ukiikanyaga vibaya unaingia chumbani bila kupitia mlangoni. Tena bati halitulii. Mchana linapata moto na kutanuka, usiku linapoa na kusinyaa, na kila linaposogea linamsumbua msumari. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari nao unachomwa na jua mpaka unapasuka. Miaka ikipita, msumari umeinuka kidogo na ubavuni mwake kuna njia ya maji. Ile milio ya ta! ta! inayosikika juu saa mbili usiku ni bati linalopoa. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ana maelezo yake kuhusu milio hiyo. Sijabishana naye. Fizikia ni somo kubwa, litajitetea lenyewe.

Fundi alipatikana mvua zilipopumzika. Alipanda na bunduki yake ya silikoni na redio, akalitazama bati, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mzee, huyu aliyekupigia bati alikuwa fundi kweli?"

"Si wewe?"

Akanyamaza. Akaligonga bati mara mbili kwa kidole. "Ndiyo maana naifahamu hii kazi."

Akapaka silikoni ya kutosha kuziba mtumbwi, yote juu ya Ziwa Tanganyika, akapokea chake, akaondoka. Usiku ule mvua ilinyesha na tone likaangukia ndoo palepale. Kisa ni kwamba panapovuja sipo panapodondoka. Maji yanaweza kuingilia karibu na kofia, yakateremka taratibu kwa kufuata mbao ya kenchi, yakakuta kiungo, yakaamua hapa panatosha, yakaanguka. Fundi aliziba mahali ambapo maji hayakuwahi kupita. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tumekinga ndoo kwa mtuhumiwa asiye na hatia.

Njia ya kulinasa tundu ipo, na haihitaji mvua. Unasubiri siku ya jua, mtu mmoja anapanda na mpira wa maji, mwingine anaingia darini na tochi. Unaanza kumwagia chini, karibu na gata, halafu unapanda hatua kwa hatua. Ukianzia juu, maji yanateremka yakipita misumari yote na hutajua ni upi umefungua mlango. Fundi alishika mpira. Mwanangu wa pili, ambaye ni mwembamba na ana simu yenye tochi kali, aliingia darini. Mimi nilisimama chini kama msimamizi, kazi ninayoimudu.

Jirani yetu, mama anayekaanga samaki jioni pale kona, akasimama kwenye uzio na beseni lake.

"Habari za hapo, jirani?"

"Njema. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnamwagilia bati?"

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. "Haya. Likiota mtatugawia."

Darini kukatoka ukelele: "Hapo! Hapo hapo!" Fundi akasimama. Nikauliza hapo wapi. "Hapo kwenye kona, Baba! Paka kazaa! Watoto wanne!" Kazi ikasimama kwa muda wa kujadili hatima ya paka, maana wadogo wa kijana walikuwa wamekwishajipanga chini ya tundu la dari, kila mmoja akiwa ametaja rangi anayoitaka. Tulipoendelea, maji yakiwa yamefika karibu na kofia, kijana akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba kuna tone, sijui kama linahusika. Lilikuwa lenyewe. Msumari mmoja, hauna mpira, uko juu ya chumba cha watoto, mbali kabisa na ndoo ya sebuleni. Fundi akaung'oa, akapiga mpya wenye mpira wake, akakanda silikoni kiasi cha punje ya mahindi. Shida ya miaka iliisha kwa msumari mmoja.

Wakati wa kushuka alikanyaga katikati ya papi mbili. Sote tulisikia bati likilia.

"Hiyo usijali, mzee," akasema akiwa ameshafika chini. "Hiyo tutaiona vuli."

Kwa kuwa ngazi ilikuwa imesimama, nikaagiza na gata lisafishwe. Gata lilikuwa shamba. Majani ya mwembe wa watu wengine, mifupa ya kuku, kipande cha sabuni ya kufulia kilichosababisha ugomvi mkubwa nyumbani mwaka jana (kunguru wa Dar wana hesabu kubwa ya kujibu), na mche wa mwarobaini uliostawi vizuri kuliko mchicha wangu wa chini. Huu ni uzembe wa gharama. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 1,000, yaani tangi linajaa ukiwa umelala. Gata likiziba, lita hizo hizo zinaruka ukingo na kwenda kuchimba msingi. Mvua ya kwanza tu ndiyo unaiacha ipite bila kuikinga, ioshe vumbi na mambo ya kunguru.

Upande wa maji ukatulia. Ukabaki umeme.

Ninaishi jirani na mitambo inayofua umeme kwa gesi asilia. Nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vyetu. Wageni hudhani ukaribu huo una punguzo. Hauna, umeme hauuzwi kwa ujirani. Kama nchi nzima, tunatumia LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na kama nchi nzima, baba wa nyumba ndiye anayenunua na wengine ndio wanaotumia kadri. Unalipa kwa simu, zinakuja tarakimu 20, unazibonyeza usiku kwa mwanga wa simu ileile, ukikosea moja unaanza upya huku watu gizani wakikukumbusha kwamba mechi inaendelea. Mwanzo wa mwezi uniti zinakuja pungufu, kwa sababu tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo. Mwaka 2023 ilipanda kwa nyumba ya kawaida kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Hilo nalielewa na silalamiki. Nililolalamikia ni zile zilizobaki, ambazo zilikuwa zinayeyuka.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa taa ya barazani. Kila baba ana taa anayoichukia. Nilitunga sheria, nikaibandika ukutani, nikawa naamka usiku kuizima, na mama watoto anaamka kuiwasha kwa sababu za kiusalama. Baadaye nikapiga hesabu, na hesabu ikaniangusha. Taa hiyo ni ya LED, wati 9. Ikiwaka kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, usiku tisa mfululizo, uniti moja bado haijaisha. Pasi ya wati 1,000 ikikaa moto saa moja tu imeimaliza. Na pasi nyumbani kwetu ilikuwa inawashwa kila asubuhi na kila mtoto kwa zamu yake, kwa shati moja moja. Maji ya kuoga nayo: ndoo ya lita 20 kuitoa ubaridi hadi uvuguvugu inakula karibu theluthi ya uniti, na sisi tuna ndoo nyingi kuliko wati.

Tukahamisha upigaji pasi wote kwenda Jumapili jioni. Uniti zikaendelea kuyeyuka.

Hapo nikakumbuka paa, tulivyolisaka tundu hatua kwa hatua. Mita nayo ina kataa kake kekundu kanakokonyeza. Matumizi yakiwa makubwa kanakonyeza haraka, yakiwa madogo kanasinzia. Nikasimama mbele yake, nikamtuma kijana yule yule azime kitu kimoja kimoja, chumba kwa chumba. Televisheni: bado. Pangaboi: bado. Chaja, redio, taa zote: bado kanakonyeza bila aibu, nyumba ikiwa giza tupu. Kikabaki kitu ambacho hakuna aliyekitaja, kwa kuwa kimesimama jikoni miaka yote na hakina swichi anayoichezea mtu.

Friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililo ndani na kulitupa nje kwa kupitia ile mirija ya mgongoni. Mgongo wa friji yetu ulikuwa umebanwa ukutani na umevaa vumbi la kutosha kuotesha mwarobaini wa pili. Tukaivuta mbele, tukaipiga brashi. Kisha nikapima mpira wa mlango kwa njia ya noti: unafungia noti mlangoni, ukiivuta ikitoka bila ubishi, mpira umechoka. Nilitumia ya shilingi 10,000. Ilidondoka yenyewe kabla sijaigusa, na kati ya jikoni na sebuleni ikapotea. Kesi hiyo bado iko wazi na mashahidi wote ni ndugu.

Ila mpira haukuwa umechoka. Mama watoto aliufungua mlango wa juu, akaondoa pakiti za barafu anazouza kwa wanafunzi, akaondoa bakuli la maharage, akaonyesha kwa kidole. Mkia. Mkia wa kolekole, mgumu, uliochongoka, umejikunja kidogo tu pembeni mwa mpira, ukiuzuia mlango kufunga kwa upana wa kidole. Hewa ya joto ilikuwa inaingia mchana na usiku, barafu imejaa mpaka droo haifunguki, na mashine inafanya kazi bila kupumzika.

Kolekole hakuwa wetu. Jirani hununua samaki sokoni Feri alfajiri, na wanaobaki hulala kwetu, kwa makubaliano ambayo sikuwahi kusomewa. Nilikwenda kumweleza kwa heshima zote, nikianza na shikamoo na hali ya hewa, nikazungukia mwarobaini, nikafika kwenye mkia. Alisikitika kwa dhati.

"Yaani kumbe ni huyu anayekula umeme wako! Pole sana, baba. Kesho nitaleta vibua."

Vibua ni wafupi, wanaingia wote. Kataa kekundu sasa kanasinzia, na uniti za mwezi zinaufikia mwezi. Mama watoto, ambaye ana daftari la barafu na ni mtu wa takwimu, alijumlisha tulichookoa, akaongeza akiba yake, akanunua friza ya kulala, ya mfuniko, ili biashara ipanuke. Ililetwa kwa bajaji, miguu ikiwa nje. Wa kwanza kuja kuipongeza alikuwa jirani. Alifungua mfuniko, akapima urefu wa ndani kwa shubiri, akarudia kupima, kisha akaniuliza kama una uhakika wa kufunga vizuri, maana siku hizi, baba, umeme ghali.