Mashine ya Bilaya

Jana usiku mpwa wangu na wenzake walitoka sebuleni kwangu wakicheka hadi wakaegemeana. Walikuja kucheza mpira kwenye kompyuta "kubwa ya bilaya", yaani mtumba wa Ulaya, niliyoipata sokoni Kadutu. Mbappé akapiga penalti: mguu ulipanda kwa awamu, kipa akaruka akabaki hewani, na mpira ulipofika wavuni watazamaji walikuwa wanazungumzia bei ya samaki sambaza.

"Papa," mpwa wangu akasema kwa adabu inayouma, "hii mashine haichezi. Inafanya hesabu."

Ni kweli. HP Z420 ni kompyuta ya wahandisi, ya mwaka 2012. Prosesa yake ni Xeon, kumbukumbu yake ni ya ECC, na hapo mnivumilie kidogo. Kumbukumbu ya kawaida husafirisha biti 64 kwa mpigo. Hii husafirisha 72. Zile 8 za ziada hazibebi mzigo wowote, zinachunga wenzao tu. Biti moja ikigeuka, sifuri ikawa moja, zinaijua ni ipi hasa na kuirekebisha papo hapo, bila kelele na bila kuomba kitu kidogo. Zipo ofisi mjini hapa ningezipelekea biti 8 za namna hiyo hata kesho. Kadi ya picha nayo, Quadro K600 yenye gigabaiti 1, iliundwa kuchora ramani za majengo, kwa hiyo inamchora Mbappé kama ghorofa: msingi kwanza.

Kibodi ni ya Kijerumani. Y na Z zimebadilishana viti.

Kipindi cha pili, balbu ikageuka rangi ya chungwa, mashine ikazimika. Ikaanza kupepesa taa nyekundu na kulia: mara nne, kimya, mara nne. Mashine hizi hutaja ugonjwa wao kwa kuhesabu. Tano ni kumbukumbu, sita ni kadi ya picha. Nne ni umeme.

Vijana walicheka. Mimi sikucheka. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa Bukavu, na bwawa la Ruzizi II linagawia nchi tatu umeme tangu 1989. Ukisimama mtaani Nguba usiku wa delestaji, umeme umekatwa, unaona taa za Rwanda ng'ambo zimewaka, huku fakitira yako ya umeme wa mwezi mzima iko mfukoni. Ukienda kulalamika, unaambiwa ununue regulatere, kidhibiti cha umeme.

Ninayo. Nayo ni ya bilaya.