Chumba Kinachotazama Bahari

Mtu wa Lamu kulipa pesa ili aione bahari ni habari ambayo hadi leo sijathubutu kuifikisha barazani kwetu Mkomani. Lakini mpwa wangu anayeishi Bristol aliapa kwamba haturudi Kenya bila kupumzika ufukweni kama wenyeji. Akatukodia mimi na mke wangu chumba Weston-super-Mare, katika nyumba moja ya zile za Kiingereza ambazo unalala ghorofani kwa watu na asubuhi unaandaliwa chai. Chumba cha nyuma, kinachotazama mapipa ya taka, ni nafuu. Cha mbele, chenye dirisha la bahari, kina bei yake. Kijana akalipia cha mbele.

Tulifika jioni. Mke wangu akavuta pazia, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Bwana, hiyo bahari wameiweka wapi?"

Mbele yetu palikuwa na tope. Tope la kijivu linalong'aa, limetandaa hadi macho yanapokoma, na huko mwisho kabisa mstari mwembamba ambao huenda ulikuwa maji, huenda ulikuwa Wales. Sisi maji kujaa na kupwa tumezaliwa nayo, ila kwetu hata bamvua kubwa haifiki mita 5. Mlango wa bahari wa Bristol umeumbwa kama faneli: mpana upande wa Atlantiki, mwembamba unapoelekea mto Severn. Maji yakisukumwa humo hayana pa kwenda ila juu. Wakati wa bamvua hupanda zaidi ya mita 10, na yakikupwa yanakimbia zaidi ya kilomita nzima. Tena kwetu yakikupwa ndipo watu wanaposhuka, huyu na mchokoo wa pweza, yule na kikapu cha chaza. Weston yakikupwa kuna mabango ya kukukataza usikanyage, maana tope linameza mtu. Jirani hapo, Burnham-on-Sea, waokoaji wana chombo maalumu kinachoteleza juu ya tope kwa nguvu za hewa.

Maji yalirudi, sikatai. Yalirudi usiku tumelala, yakarudi tena mchana tumekwenda kununua dawa ya mafua.

Msalani kulikuwa safi kupita kiasi: zulia, sabuni ya waridi, karatasi za akiba zilizovishwa kofia ya kufuma. Kilichokosekana ni kimoja tu, maji ya kustanji. Sinki lilikuwa na mabomba mawili, moja la kuunguza na jingine la kugandisha, yamekaa mbalimbali kama wake wenza. Mke wangu akaniaga anashuka uani kupunga upepo. Aliporudi, baibui lilikuwa limetuna ubavuni. Akatoa kopo la plastiki la kijani la kumwagilia maua. Nami nasema, aliyebuni kopo lile alikuwa na jambo jingine moyoni: mdomo mrefu, mpini wa kushika vizuri, na ujazo wa kumtosha mtu bila haraka.

Asubuhi chai ilikuwa mwisho saa tatu, na mama mwenye nyumba hakuwa na mzaha na saa. Tulikuwa tumemweleza kwamba nguruwe hatuli, naye, muungwana kwelikweli, alitoa sahanini soseji, akatoa nyama ya kukaanga, akatoa na kile kipande cheusi kinachopikwa kwa damu. Kila alipoondoa haramu moja, pengo lake aliliziba kwa maharage. Yai langu nililiona baadaye sana.

"Kuna aliyeona kopo langu la maua?" akauliza, mkono kiunoni. "Hawa shakwe wamezoea kuiba chipsi, sasa wameanza na makopo!"

Mke wangu akainamia maharage kwa hamu ambayo sijapata kuiona tena.

Labda alituona wanyonge, maana baada ya kuondoa vyombo alituambia tusihuzunike, kuna jambo la kupendeza sana pale ufukweni, wageni wote hulifurahia. Tukavaa makoti, tukashuka. Walikuwa punda.

"Nimetoka Lamu," akasema mke wangu taratibu, "nimepanda ndege, nimepigwa na baridi, nije nionyeshwe punda?"

Hata hivyo aliwakagua mmoja mmoja, kama mnunuzi. Kila punda ana hatamu yenye jina lake, na mzigo wake ni mtoto mwenye aiskrimu. Matofali ya korali, mzigo wa punda wa kwetu, hayajui. Nikamwambia kwamba Blackpool, kaskazini huko, kanuni za manispaa zinawapa punda wa ufukweni saa nzima ya chakula cha mchana na mapumziko ya kila Ijumaa. Akasimama.

"Ijumaa? Na fundi wetu hakuja Ijumaa ukamkata posho!"

Siku ya kuondoka tulipita duka la vifaa tukanunua kopo jipya, la kijani vilevile, tukaliweka uani penye maua. Lile la kwanza, kwa kazi lililokwisha kufanya, haikuwa adabu kulirudisha kwenye maua ya mtu.

Mlangoni palikuwa na kitabu cha wageni. Ukurasa mzima watu walisifu mandhari ya bahari. Sijui wao walifika saa ngapi. Mke wangu akaandika shukrani kwa Kiingereza kizuri, kisha chini yake, kwa herufi kubwa: "Ndugu Waswahili, chukueni chumba cha nyuma. Kopo liko nyuma ya mlango wa choo."