Fundi Ana Uzoefu

Hongera, mzee wetu mwenye Land Rover Series II ya 1959! Umeagiza Uingereza seti mpya ya nyaya, nayo imefika, kila waya na rangi yake kama ilivyokuwa kiwandani: wa kahawia unatoka kwenye betri moja kwa moja, mweupe unatoka kwenye swichi ya kuwashia, wa kijani umepitia fyuzi, wa buluu ni wa taa kubwa, mweusi ni athi. Hata mchoro umo. Bahati mbaya fundi wako hasomi michoro. Yeye ana uzoefu.

Uzoefu huo tunaujua. Ndio uliochoka na fyuzi inayoungua kila mara, ukaweka karatasi ya ng'aring'ari ya pakiti ya sigara. Tuseme ukweli, fyuzi haijaungua tena. Siku hizi zinaungua nyaya.

Kazi ikiisha utakabidhiwa fungu la nyaya "zilizozidi". Wazungu, utaambiwa, huweka za akiba. Kumbe mmoja ni athi ya taa za nyuma, ndiyo maana ukikanyaga breki, indiketa nazo zinaitikia.

Halafu kuna redio ya kisasa. Gari lako lilizaliwa na chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi. Redio inataka hasi. Fundi ataifunga kimazoea, itatoa cheche, itanyamaza. Usimlaumu. Ameshaikagua, na jibu analo: redio yako ni feki.