Waraka kwa wazazi wenzangu wa Izia: selform ni ya mtoto

Kwenu wazazi wenzangu wa Izia, na popote Ufipa palipo na mtoto wa kidato cha nne,

Nawaandikia kwa heshima zote kuhusu selform, fomu ambayo watoto wetu huijaza kabla ya mtihani wa Novemba wakitaja tahasusi, shule na vyuo wanavyovitaka. Fomu hiyo ni ya mtoto. Wengi wetu tumeifanya yetu, na wanaoumia ni watoto.

Bei ya gunia la mahindi soko la Mandela mnaijua kila asubuhi. Alama za mtoto wenu za Kemia katika mtihani wa moko hamzijui, lakini mmekwishaamua kuwa atasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) awe daktari. Binti anayeongoza Historia na Kiingereza darasani kwake anaandikiwa Fizikia kwa sababu mtoto wa jirani naye ameandika Fizikia. Ili aingie kidato cha tano shule ya serikali anahitaji C au zaidi katika masomo angalau matatu, tena masomo yanayounda tahasusi moja. Hamu ya mzazi haiongezi hata alama moja.

Wapo pia wanaoandika CBG wakiamini ni njia fupi ya kufika udaktari. Ndugu zangu, Shahada ya Udaktari inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. CBG ina Jiografia mahali pa Fizikia. Mtoto akigundua hilo baada ya matokeo ya kidato cha sita, miaka miwili imekwisha. Kilimo pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, CBG inakifungulia mlango, na sisi tunaoishi kwa mahindi, maharage na ulezi tungekuwa wa kwanza kujivunia mtoto anayekwenda kusomea udongo. Badala yake tunamwambia asome asije akashika jembe kama sisi. Maneno hayo yanamfundisha kudharau kazi iliyomlisha.

Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65. Mzazi anayeshauri kwa zile alizozisikia enzi zake anashauri kwa ramani ya zamani. Na si kila shule ina kila tahasusi. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Boys ni shule nzuri na majina yake yanapendeza kuyataja kwenye vikao vya harusi, lakini nafasi zake zinagombewa na wenye alama za juu nchi nzima. Mtoto wa daraja la pili aliyejaziwa shule hizo peke yake hajasaidiwa. Atapangwa popote penye nafasi, pengine na tahasusi asiyoifikiria kabisa. Weka moja ya ndoto, kisha weka zinazolingana na alama zake. Kantalamba iko hapahapa Sumbawanga, na ukaribu wake si aibu.

Vyuo navyo vimo kwenye fomu hiyohiyo, lakini tunavipita kana kwamba ni adhabu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina ndaki yake hapa Rukwa. Kijana anayefungua redio na kuirudisha ikiongea, kwa nini stashahada ya ufundi asiisikie hata mara moja kinywani mwa baba yake?

Kwenu akina baba mnaokataa binti asijaze shule ya mbali, nasema kwa upole: ninyi hao hao mlimpangia geto ili awahi shule ya kutwa, akapika na kulala peke yake. Bweni la Loleza kule Mbeya au Tabora Girls lina matroni. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu 2022. Kinachobaki ni nauli, godoro na mahitaji mengine ya kwenye fomu ya kujiunga, nayo huja Julai, wakati mahindi ndiyo kwanza yanapukuchuliwa na fedha haijaingia. Anza kuweka akiba sasa, usije ukamwambia ni mbali kumbe hukujiandaa.

Walimu wetu, nanyi nawaheshimu, ila dakika arobaini za kujaza fomu kwa darasa zima hazitoshi. Tuiteni, hata Jumamosi, tukae na mtoto na alama zake mezani.

Matokeo yakitoka Januari, TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadilisha machaguo kwa mtandao. Hapo wengi humwachia kijana wa steshenari achague huku mwenye mtoto yuko shambani. Tafadhali nendeni wote wawili, mwacheni mtoto asome mwenyewe kwenye kioo kabla ya kutuma, na nenosiri aliandike kwenye daftari lake, abaki nalo yeye.

Ni mimi mzazi mwenzenu,
Izia, Sumbawanga