Barua ya Wazi kwa Wakala wa Vipimo: Njooni Mnipime, Nimezidi

Kwa Afisa Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Vipimo.

YAH: KUJISALIMISHA KWA LUMBESA YA KILO 138

Ndugu Afisa Mtendaji Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, mzaliwa wa Kamachumu wilayani Muleba. Kimo changu ni mita 1.96 na uzito wangu ni kilo 138 kabla ya chakula cha mchana. Nimesikia vita yenu dhidi ya lumbesa. Nimeelewa kwamba chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, gunia la mazao halitakiwi kupita kilo 100, na kwamba mkilikuta limevimba, limeshonewa nyongeza juu ya mdomo, mnalishusha barabarani na mwenye nalo anatozwa faini. Wafanyabiashara wa viazi na vitunguu wanawafahamu vizuri, wengine mpaka kwa sura. Sasa mimi nimekuwa nikisafirishwa kwa ndege kati ya Dar es Salaam na Bukoba nikiwa nimezidi kilo 38, nimevimba kushoto na kulia, mchana kweupe, na hakuna afisa wenu aliyewahi kunishusha. Dhamiri inanisuta. Nimeamua kujisalimisha mwenyewe.

Mtasema mtu si gunia. Hilo ndilo ninaloomba mlithibitishe kwa vipimo.

Anzeni na mzani wa mizigo pale uwanjani, kwa kuwa kuuhakiki ni kazi yenu na hamtapata shida kuufikia. Ule mzani ni mkweli kupindukia. Safari moja nilikuwa na begi la zawadi za nyumbani: kahawa ya kutafuna, senene wa kukaanga, na ndizi ambazo mama alisisitiza kwamba Dar es Salaam hakuna ndizi. Kijana wa kaunta, mpole, mwenye tai, akautazama mzani akasema, "Shikamoo mzee. Hapa umezidi kilo moja." Nikamwitikia marahaba, nikajitazama tumbo, nikamuuliza ana hakika ni moja tu. Akacheka kwa adabu. "Si wewe, mzee. Begi."

Nikailipia ile kilo moja. Nikapewa risiti ya ile kilo moja. Nyuma yangu alikuwepo kijana mwembamba kama kilo 55, naye begi lake lilikuwa limezidi, naye akalipa. Mimi na begi langu tulikuwa tunawazidi yeye na begi lake kwa mzigo wa pikipiki mzima, lakini hilo halikumhusu mtu pale kaunta.

Wataalamu watawaambia kwamba abiria anahesabiwa kwa wastani. Ni kweli. Kwenye ndege kubwa kiasi, rubani hapewi uzito wa kila mtu, anapewa makadirio. Ulaya kwa miaka mingi mtu mzima amekadiriwa kilo 84, na ndani yake umo mkoba wake wa mkononi. Kwa makadirio hayo mimi husamehewa kilo 54 bila kuomba, halafu naonewa wivu wa kilo moja ya senene. Nchi nyingine wameanza kuona haya kidogo. New Zealand mwaka 2023 shirika lao la ndege liliwaomba abiria wa safari za nje wapande mzani ili wastani ufanane na watu walio hai. Samoa kulikuwa na shirika dogo ambalo mwaka 2013 liliamua kutoza nauli kwa kilo, mtu pamoja na begi lake, kama samaki. Na hapa kwetu, kwenye ndege ndogo za injini moja, abiria huweza kupandishwa kwenye mzani uleule wa mizigo. Mimi sikasiriki wakinipima hivyo. Ndipo mahali pekee katika usafiri wa anga ambapo mtu amenitazama akaandika ukweli.

Lakini uzito si kesi yangu kuu. Kesi yangu ni ujazo.

Uwanja wa Bukoba mnaujua ulivyobanwa, mji huku na ziwa kule. Njia yake ni fupi, kwa hiyo zile ndege pana zinazotua Mwanza hazitufikii. Tunaletewa za mapanga, ATR na Dash 8, viti viwili huku na viwili kule. Nilipenda sana kujua ndani mna nafasi gani, nikatafuta namba za watengenezaji wenyewe. ATR, kutoka sakafuni hadi darini, ni mita 1.91. Dash 8-400 ni mita 1.95. Rudini mwanzo wa barua mkaangalie kimo changu. Ndege ya kwanza naizidi sentimita tano na ya pili naizidi moja, kwa hiyo ninapoingia ndani huinama kama mwanakwaya anayechelewa misa, na abiria wote wanadhani nina heshima kubwa.

Kiti kina upana wa inchi kama 17. Nilikwenda kwa fundi cherehani wangu pale Bukoba mjini, mtu anayenishonea suruali na kwa hiyo hana sababu ya kunipendelea, nikaketi kwenye stuli, akanipitishia futi. Inchi 22. Akapima tena kwa kuwa hakuamini. Kisha akapima kutoka mgongoni hadi gotini, akapata 27. Kutoka kiti hadi kiti kwenye ndege nyingi za daraja la kawaida ni inchi 30 au 31, lakini humo ndani umehesabiwa na unene wa kiegemeo, mfuko wa magazeti, na kile kimeza ambacho kwangu mimi hakijawahi kulala sawa. Ninyi ndio wataalamu, pigeni hesabu. Na hiyo ni kabla bwana wa mbele hajaamua kuegemea nyuma ili apumzike.

Hizo inchi tano zinazozidi upande kwa upande haziyeyuki. Zinakwenda kwa jirani. Nataka hili mliandike kwa wino, kwa sababu sheria yenu inamlinda mnunuzi anayepunjwa, na anayepunjwa hapa si mimi, ni yeye. Amelipa kiti kizima, kapewa robo tatu. Wengine hununa safari nzima. Wengine hupiga picha. Niliwahi kuketi na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anarudi Nshamba kutoka kwa wanawe. Nikampa shikamoo, nikamwomba radhi kabla hata ya kuketi. Akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Waitu, mwanangu, usijikunje hivyo utaumia. Egemea. Si sote tunakwenda nyumbani?" Akanyanyua kiegemeo cha mkono kilichokuwa katikati yetu, akaweka kanga yake pale, tukafika. Sijui kama yule mama ana cheo chochote serikalini, lakini kwa mwendo wa saa kadhaa ndiye aliyekuwa mamlaka ya udhibiti.

Naomba niwatahadharishe kuhusu majibu mtakayopewa mkianza kuuliza.

La kwanza wataniambia ninunue viti viwili. Sikatai. Ila naomba niulize kama mtu wa vipimo anavyouliza: viti viwili vya inchi ngapi? Maana katikati kuna chuma, na mimi sijaumbwa na nafasi ya chuma katikati. Kanada walilishughulikia jambo hili mwaka 2008, mamlaka yao ya usafiri ikaamua kwamba kwa safari za ndani, mtu ambaye ulemavu wake unamlazimu kutumia kiti cha ziada atozwe nauli moja, wakiwemo wenye unene uliothibitishwa kuwa ulemavu. Nawapongeza. Lakini angalieni mlango walioufungua: ili nipate nafasi, daktari lazima aandike kwamba mimi ndiye mwenye kasoro. Kamachumu mimi si mgonjwa. Kamachumu mimi ni mtu aliyekula vizuri, napewa kiti cha mbele kwenye harusi, na kile kiti kinanitosha.

Wengine watasema nipande basi. Barabara kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400, na goti langu halijui tofauti kati ya kiti cha angani na cha ardhini. Wa Mwanza watanishauri meli, na hapo sina ubishi. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina refu kuliko mimi, New Victoria Hapa Kazi Tu, na ndani yake mtu anaweza kunyoosha mgongo usiku kucha. Tatizo ni kwamba msiba hausubiri ratiba ya meli, wala mkutano wa asubuhi Dodoma.

Wenye kunitendea haki, kama mnataka kujua, ni madereva wa michomoko kati ya Bukoba na Muleba. Ile gari ndogo kiti cha nyuma kimetengenezwa kwa watu watatu, wao huingiza wanne, na najua polisi wana maoni yao kuhusu hilo. Lakini dereva akiniona nakuja toka mbali, hafichi kitu. "Mzee, wewe ni nafasi mbili." Ananitajia bei, namlipa, na nafasi mbili kweli nazipata, hakuna chuma katikati. Amenipima kwa jicho, kwa umbali wa mita 30, na hajawahi kukosea. Muajirini.

Sasa niweke utani pembeni kidogo, kwa sababu sisi wa Kagera hatuna ruhusa ya kutania ujazo moja kwa moja. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kuliko uwezo wake, na mamia hawakurudi. Kila kijiji cha Muleba kina kaburi la siku ile, au kina jina lisilo na kaburi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani hatua chache kutoka uwanja wa Bukoba, 19 wakafa, na waliowahi kufika kuokoa walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Sisemi kwamba kiti kilimwua mtu. Nasema kwamba tangu siku ile, nikiketi magoti yakiwa yamekwama kwenye kiti cha mbele na jirani yangu wa dirishani akiwa nyuma yangu kama mtu aliyefungiwa stoo, huwa nautazama mlango na kupiga hesabu, na najua na yeye anapiga hesabu.

Kanuni za Marekani na Ulaya zinataka ndege yenye viti zaidi ya 44 iweze kutoa watu wote ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Ni kanuni nzuri. Marekani walipofanya majaribio kuona kama ukubwa wa kiti unachelewesha watu, walitumia watu 720, wote wazima wa viungo na wenye umri chini ya miaka 60. Yule mama wa Nshamba asingeruhusiwa kushiriki. Bunge lao lilikuwa limeshaagiza mwaka 2018 kwamba kiti kiwekewe kipimo cha chini, mamlaka yao ya anga ikaomba maoni ya umma mwaka 2022, yakamiminika zaidi ya 26,000. Watu 26,000 wanaoandika barua kuhusu makalio yao! Nilipolisoma hilo nilijisikia nina ukoo mkubwa ng'ambo.

Watani wetu watasema, na nawasikia kabisa kutoka huku, kwamba Nshomile, kama wanavyotuita sisi Wahaya, amemaliza kujisifia shahada sasa anajisifia mapaja. Na waseme. Shahada hazijawahi kunikwamisha mlangoni.

Ndugu Afisa Mtendaji Mkuu, siombi kiti cha bure, na daraja la mbele nimeliona, ni zuri, bei yake inalingana na ng'ombe. Naomba kitu ambacho tayari mnakifanya kila siku kwa bidhaa nyingine. Pakiti ya unga mnataka iandikwe kilo ngapi. Chupa ya mafuta ya kula, lita ngapi. Mfuko wa saruji, nondo, kitambaa, hata pampu ya petroli pale Muleba mjini ina muhuri wenu. Tiketi ya ndege inaniambia jina langu, tarehe, namba ya kiti, kilo za begi, na onyo la kutobeba wembe. Upana wa kile nilichonunua haumo. Uandikwe. "Kiti: inchi 17. Goti: inchi 30." Basi. Mwenye inchi 16 atasafiri kwa raha, mwenye 22 atajipanga mapema, atatafuta mchomoko, meli, au rafiki mwenye gari. Na shirika litakalothubutu kuandika 18 litajaza ndege kila Desemba, kwa sababu wakati huo Wahaya wote wanarudi nyumbani, na wengi wetu hatukukonda tulikokuwa.

Nikiwa kama ushahidi, najitoa kwa ukaguzi wakati wowote wa saa za kazi, kwenye ofisi yenu ya Mkoa wa Kagera au hata ndani ya ndege mkipenda, ila mje wawili, mmoja mwembamba. Leteni futi. Mzani uacheni, pale uwanjani upo na unafanya kazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa kiti cha ndani na nusu ya kiti cha jirani,
Kamachumu, Muleba.

Nakala: Jirani husika, kwa taarifa na radhi.